Mpimaji na Karati Kumi na Nane

Alipozikwa, mchungaji alisema Mpimaji alikuwa mtu wa amani. Nilicheka pale pale, mbele ya jeneza, na wala sioni haya. Wanaosema alikuwa mkali hawakumjua vizuri, kwa maana alikuwa mkali kuliko wanavyosema. Niliishi jirani na mama huyu miaka mingi huko Macalder, ukuta wa jiko lake ukitazamana na choo chetu, na mpaka leo sijui alizaliwa kijiji gani wala ukoo wake ulianzia wapi. Sikumuuliza, na ningemuuliza angetaka kujua jibu hilo litanisaidia kupima nini. Ninachojua ni kwamba aliwahi kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari, akiosha chupa na kupanga mizani. Kazi ilipokwisha, alikuja na maarifa yale yote, akaweka benchi kando ya barabara ya vumbi ambayo wachimbaji hupita wakitoka mashimoni, na hapo akakaa.

Kazi yake ilikuwa kukuambia ulichonacho. Hakununua dhahabu na hakuuza. Ulimpelekea punje zako zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha nailoni, akaziweka juu ya mizani ndogo ya betri inayoenea kiganjani, akakusomea. Malipo yalikuwa kikombe cha omena, wale dagaa wa ziwani, au sukari, au nusu kipande cha sabuni. Aliyekuja mikono mitupu alipimiwa pia, ila alisemwa mpaka akajuta.

Asiyejua mambo haya nimweleze, maana bila hayo hataelewa ugomvi wetu. Dhahabu hupimwa kwa gramu, na gramu moja ina pointi kumi. Mwanamke aliyeosha mchanga kutwa nzima akapata pointi mbili hurudi nyumbani akiimba. Huo ni uzito. Usafi ndio karati, na mwisho wake ni ishirini na nne. Mpimaji alifundisha karati kwa unga na gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni.

"Chukua gorogoro ishirini na nne ya unga," alikuwa akisema. "Kama yote ni wimbi, hiyo ni ishirini na nne. Kama kumi na nane ni wimbi na sita ni muhogo, wewe umeniletea kumi na nane. Usiniambie ati ni wimbi kwa sababu uji iko na rangi."

Shida ni kwamba mizani husoma gramu, haisomi karati. Karati zilitoka mdomoni mwa mnunuzi. Mnunuzi mkubwa pale kwetu alikuwa na duka lenye mlango wa kijani, na yeye alizisogeza punje zako penye mwanga, akafinya jicho moja, akasema kumi na nane. Kila siku ilikuwa kumi na nane. Ya shimo la juu, ya mtoni, ya mjane, ya mlevi, zote zilikuwa kumi na nane, na bei ilishuka kwa kadiri hiyo. Na wewe uliyesimama na pointi zako mbili na njaa ya watoto ungesema nini? Tulipokea tukaondoka.

Mpimaji hakukubali. Alikuwa na njia yake, ya maji. Alipima dhahabu hewani, akaifunga kwa uzi, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji kilichokaa juu ya mizani, akasoma imesukuma maji kiasi gani. Dhahabu safi ni nzito sana kwa umbo lake, kwa hiyo husukuma maji kidogo. Iliyochanganyika na kitu chepesi husukuma mengi. Kisha aligawanya kwa penseli nyuma ya bahasha kuukuu, akakutajia karati, na akizitaja aliinua sauti ili zifike mpaka kwenye mlango wa kijani.

Nilikwenda naye sokoni Ndhiwa mara kadhaa kununua mahindi, na kila mara niliapa sitarudia. Kabla hajauliza bei, alitia mkono ndani ya gorogoro ya muuzaji akapapasa kitako. Kama kimegongwa kikaingia ndani, na mara nyingi huwa kimegongwa, aliokota jiwe akakigonga kutoka ndani mpaka kikarudi kilivyotoka kiwandani, mwenyewe akitazama. Mama mmoja alimrukia shingoni siku moja. Mpimaji alimwambia hajaharibu kitu cha mtu, amemtengenezea mkebe wake bure. Kisha alinunua hapo hapo, na akataka aongezwe ya juu.

Siku nyingine kijana alikuja kutoka upande wa mpaka na jiwe la kijani, analishika kwa leso, anadai ni karati ishirini. Mpimaji akaliweka kwenye mizani, likasoma gramu nne. Akamwambia amesema kweli kabisa, kwa sababu kwa mawe karati ni uzito, na karati tano ni gramu moja. Kijana alitaka kumkumbatia.

"Ngoja kwanza," Mpimaji akasema. "Ni karati ishirini ya chupa ya soda."

Usidhani alipenda kupima tu ili kuwaumbua watu. Zamani, kabla ya mizani za betri, pointi moja ilikuwa njiti moja ya kiberiti kwenye mizani ya vikombe viwili. Mama mkwe wangu aliendelea kupima hivyo nyumbani kabla ya kwenda kuuza, na kwa kuwa hakutaka kuchezea njiti nzima, alipimia zile zilizokwisha kuwaka. Nyumbani alikuwa na pointi sita, dukani zikawa nne, naye akamwita mnunuzi mwizi mbele ya soko zima. Mpimaji ndiye aliyemkalisha akamwonyesha kwamba njiti iliyoungua ni nyepesi. Akamwambia yule mtu ni mwizi kweli, lakini siyo kwa hilo. Hata adui yake mkubwa hakumbambikia kosa ambalo hakulifanya, na ndiyo maana jambo nitakalolisimulia linaniuma mpaka leo.

Mwenyewe alikuwa amejaa kinyume. Aliyepima kila kitu alipika bila kipimo, na chumvi yake ilikuwa balaa. Ukila kwake ulikunywa maji mpaka kesho. Alishinda na dhahabu za watu kutwa lakini hakuvaa hata hereni, alisema ni chuma cha watu wasio na kazi. Alikuwa Msabato wa kufa mtu. Ijumaa jua likishuka aliifunga mizani kwa kitambaa akaitia ndani ya chungu, na Jumamosi hata ungemletea donge la ukubwa wa yai asingeliangalia. Lakini Jumamosi hiyo hiyo, tukitoka ibadani, alinieleza kwamba mahubiri yalikuwa karati kumi na nne. Na kuomba radhi hakukujua. Neno letu Wajaluo la pole, mos, nililisikia kinywani mwake matangani tu. Akikukosea alikuletea chakula, chenye chumvi ile ile, na wewe ukajua umeombwa msamaha.

Woga nao sijui aliuacha wapi. Afisa wa vipimo alipokuja Macalder, mizani ya Mpimaji haikuwa na muhuri wa mwaka ule, na sote tulijua ni nani aliyepiga simu. Hakubishana. Alimkabidhi mizani kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mtoto abarikiwe.

"Chukua," akamwambia. "Sasa twende tuangalie na za wengine, ama muhuri ni ya wajane peke yao?"

Yule afisa alikuwa mtu wa haki. Alikwenda naye duka kwa duka, na walipomaliza kulikuwa na mizani mbili za wanunuzi ndani ya sanduku lake, zimelala pamoja na ya Mpimaji. Wiki tatu mama wa watu alikaa bila mizani, na sisi tukadhani hatimaye amenyamazishwa. Kumbe alikuwa jikoni anahesabu wimbi. Alikuwa ametengeneza mizani ya kijiti, uzi na vifuniko viwili vya chupa, dhahabu upande huu, punje za wimbi upande ule. Alisema karati hazihitaji gramu ya serikali. Zinataka tu ujue dhahabu yako ni nzito mara ngapi kuliko maji iliyoyasukuma, na hilo waweza kulijua kwa wimbi, kwa mtama, hata kwa chawa ukiwa na subira. Mizani iliporudi na muhuri wake, macho yake yalikuwa mekundu kwa kuhesabu, na nadhani ndipo yalipoanza kuharibika.

Maji hayo yalikuwa na sharti moja, nalo ndilo lililotufikisha pabaya. Pointi mbili husukuma maji kidogo mno, mizani haiwezi kuona. Hata gramu moja, alisema, haijui kujitetea. Ili apate karati za kweli, zisizobishaniwa na mtu, alitaka donge la gramu kumi au zaidi, na hakuna mwanamke wa mtoni mwenye gramu kumi. Kwa hiyo alituita wanawake watano tuliokuwa tukiosha mchanga wa shimo moja. Akatutaka tukae wiki nne bila kuuza hata pointi, kisha tulete zote, ayeyushe donge moja na kulipima mbele ya mwenye mlango wa kijani. Tukimshinda mara moja, alisema, hatasema tena kumi na nane kwa mtu yeyote.

Wiki nne bila kuuza ni njaa. Tuliandika deni la unga kila mahali, tukakubali.

Nitaje watano hao. Watatu walikuwa wake wa ukoo wa mume wangu. Wa nne mimi, ninayeitwa Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao alikotoka. Wa tano alikuwa Nyar Kuria. Alikuwa Mkuria aliyeolewa na Mjaluo, akafiwa, akakataa kurudi kwao. Dholuo chetu alikisikia nusu, na ile nusu nyingine aliinyamazia. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuzungusha karai kuliko sisi sote, na nafikiri hilo nalo hatukumsamehe.

Sasa niseme langu, nililopaswa kulisema zamani. Kabla Mpimaji hajatuita, nilikuwa nimeshafanya mambo yangu. Nilikuwa na koki kuukuu ya bomba, ya shaba ya manjano. Nilikaa nayo na tupa, nikaisaga mpaka nikapata unga wa kutosha, nikauchanganya na dhahabu niliyokuwa nimeificha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kama yule mtu atasema kumi na nane hata nikimpelekea safi, basi nimpelekee hiyo chafu anayoisema, tena izidi. Sikuona wizi hapo. Kwa upande wake yeye, mpaka leo sioni.

Lakini mpango wa Mpimaji ulipokuja, dhahabu yangu ilikuwa imeshachanganyika, na hakuna wa kuuchambua unga ule. Ningesema. Nilipanga kusema kila asubuhi, na kila asubuhi nikaenda mtoni. Siku ya kukusanya wenzangu walileta gramu mbilimbili, mimi nikaleta nne. Wakanisifu kwa bidii yangu, nami nikasema ahsante.

Aliyeyusha saa nne asubuhi siku ya soko, kwenye jiko la makaa, mbele ya watu wengi. Mwenye mlango wa kijani alikuja, akaegemea nguzo akila muwa. Donge lilitoka, gramu kumi na mbili, likapoa, likafungwa uzi, likaingia majini. Mpimaji akaandika. Akapima tena, akaandika tena. Mara ya tatu alibadilisha maji. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na niliona penseli ikirudia hesabu ile ile toka mwanzo.

"Kumi na nane," akasema.

Mnunuzi alitema maganda ya muwa. Alimuuliza kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara, yeye amekuwa akituambia nini miaka hii yote. Watu wakaangua kicheko. Mmoja wa wale wanawake wenzangu alimvuta Mpimaji nguo, akamnong'oneza aseme ishirini na moja, nani atajua? Na ni kweli, hakuna hata mmoja pale aliyeweza kuisoma bahasha ile isipokuwa yeye. Angetaja namba yoyote. Alisimama akasema tena, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, kwamba ni kumi na nane, na asiuze mtu kama kitu kingine.

Sijaona mtu jasiri kuliko mwanamke yule dakika ile. Ninalisema hili kwa sababu dakika iliyofuata ilikuwa mbaya.

Alichukua kile chungu kidogo cha kuyeyushia, akakwangua ukoko uliobaki kwa ukucha. Ulikuwa wa kijani. Akasema hiyo ni shaba, na shaba namna hiyo haikutoka ardhini, imetiwa na mtu. Akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi hakukawia hata kidogo. Kisha akasema kwa Dholuo, kama anayejisemea, kwamba sisi tunajuana. Macho yake yakasimama kwa Nyar Kuria, na ndipo akageukia Kiswahili ili huyo asikose kusikia.

"Wewe, hii yako ulitoa wapi?"

"Kwa mchanga ile ile, mama," Nyar Kuria akajibu. "Ile ile yenu."

Nyar Kuria alingoja. Nadhani alingoja mmoja wetu aseme tumekuwa naye kila siku, tumeona mchanga wake, na tulikuwa tumeuona. Halafu akaokota karai lake akashuka mtoni. Hakulia. Watu wakaambizana, mnaona, hata hakulia. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na tupa yangu iko chini ya godoro.

Tulianza upya, wanne. Wiki tano, maana tulipungua. Safari hii niliosha mchanga wangu kama mtu anayeosha dhambi, na donge lilipoingia majini lilitoka ishirini na moja na nusu. Mnunuzi akakataa kulipa karati hizo, tukalibeba mpaka Migori mjini, na huko likapimwa kwa dawa na kwa mashine likawa ishirini na moja na nusu vile vile. Habari zilifika Macalder kabla yetu. Leo ukiingia duka lolote la dhahabu pale utakuta kikombe cha maji na uzi juu ya meza, kwa sababu wanawake hawauzi bila hivyo, na wenye pointi chache hukusanyana kwanza. Ushindi ule ni wa kweli, na sitaki mtu auchezee.

Ila donge la pili lilimmaliza Nyar Kuria. Aliondoka yeye, dhahabu ikawa safi. Watu walitaka ushahidi gani tena? Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo iliyokuwa mbovu, na mimi peke yangu nilijua. Hakuhama, ingawa wengi walimngoja ahame. Aliosha mchanga peke yake chini kabisa ya mto, na akauza peke yake. Na wanunuzi wakapata neno. Dhahabu yoyote chafu wakaanza kuiita Nyar Kuria. Mtu akileta punje zenye shaba utasikia, hii iko na Nyar Kuria ndani. Vijana wanaochimba leo, ambao hawakuwepo siku ile, wanaitumia kama neno la kazi, kama vile gramu na pointi.

Mpimaji alipozidiwa na macho, binti yake alimchukua akakae kwake Magunga. Nilikaa miaka miwili bila kwenda kumwona. Kilichonipeleka mwishowe hakikuwa ujasiri. Nilikuwa dukani siku moja, na msichana aliyeleta punje zake akaambiwa neno lile, na nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama Nyar Kuria mwenyewe, ameshika kitambaa chake. Hakugeuka. Alisogea mbele zamu yake ilipofika.

Nilimkuta Mpimaji amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba, anachambua maharagwe kwa vidole kwa sababu macho hayakufaa tena. Alinijua kwa kikohozi. Alinigombeza kwa kutokuja, kisha akaniuliza habari za kila mtu. Nilipomaliza habari zote nikamwambia habari yangu. Koki, tupa, gramu nne. Niliisema yote bila kumtazama.

Vidole vilisimama.

"Shaba ilikuwa gramu ngapi?"

"Mbili, mama."

Midomo yake ikaanza kucheza. Nilijua anachofanya. Kumi za ishirini na moja na nusu, ndani ya kumi na mbili.

"Inakaribia kumi na nane kabisa," akasema. "Adier, kweli kabisa. Maji yalisema." Na akatabasamu, Mungu ni shahidi wangu, alitabasamu kama mwanafunzi aliyepewa alama zake. Miaka yote ile kumbe ilikuwa ikimkera kwamba hakuwahi kujua kiasi.

Kisha tabasamu likaondoka, na nikamwona anazeeka pale kwenye kiti.

"Sikupima," akasema. "Mimi, mtu ya kupima. Nilimwangalia tu na macho, kama yule mwizi wa mlango ya kijani."

Nilianza kusema ni kosa langu. Alinikata, akasema langu nitasomewa njiani, nisiwe na haraka. Akamwita binti yake alete viatu. Binti akakataa, akaonyesha mguu. Mimi pia nikasema tungoje upone.

"Jina ya mtu iko kwa midomo ya watu," akasema, "na nyinyi mnaniongelesha mambo ya mguu."

Hatukuondoka siku hiyo, kwa sababu kesho yake ilikuwa Sabato na Mpimaji alibaki Mpimaji. Tulikwenda siku ya soko, na njia nzima alinisomea nilivyoahidiwa, sitarudia hapa aliyoniita. Tulipofika Macalder alisimama mahali benchi lake lilipokuwa, akaagiza Nyar Kuria aitwe kutoka mtoni. Watu walikusanyika kumsalimu. Hakumsalimu mtu. Alingoja mpaka akaambiwa amefika, akamtazama kwa macho yale yasiyoona, upande kidogo wa pale aliposimama, na akasema yote kwa Kiswahili, mbele ya kila mtu. Kwamba siku ile alimhukumu bila kipimo. Kwamba alifanya hivyo kwa sababu alikuwa Mkuria na sisi hatukuwa. Kwamba shaba haikuwa yake. Kisha akasema, "Mos."

Nyar Kuria alikuwa bado amelowa mpaka magotini.

"Mimi nilijua siku hiyo hiyo si mimi," akasema. "Ni nyinyi mmechelewa."

Mtu akauliza shaba ilikuwa ya nani basi. Mpimaji hakunigeukia wala hakunigusa. Alikuwa amenileta mpaka pale, na kilichobaki hakikuwa chake. Nikasema ilikuwa yangu. Nilitaja koki, nikataja tupa, nikataja godoro. Sikumwomba Nyar Kuria chochote, maana sikuwa na haki ya kumwomba, naye hakunipa chochote. Aliniangalia tu, muda mrefu.

Kijana mmoja wa mlango wa kijani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha maji. Akacheka, akauliza sasa ile dhahabu chafu wataiita nani, kwa maana jina wamelizoea. Watu wakacheka naye. Niliona mabega ya Nyar Kuria yanakaza, na Mpimaji anafungua kinywa amchane yule mtoto wa watu. Nikamtangulia.

"Iiteni Nyar Ndhiwa," nikasema.

Ndivyo wanavyoiita. Ilichukua muda, niliwasahihisha mmoja mmoja, hata wale ambao hawakujua ni mimi. Bado nauza pale. Husimama kwenye foleni na kitambaa changu, na mbele yangu msichana huambiwa punje zake ziko na Nyar Ndhiwa ndani, nami husogea mbele zamu yangu ikifika.